Salamu Kwenye Mstari wa Kwanza

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kusema nina subira. Wanasema mengine. Wanasema naeleza vizuri, chaki yangu haipotezi njia, sipendelei mtu. Subira hawaitaji. Mama yangu, aliyetoka kule chini Mto Tana akaolewa na Msomali wa Garissa, alikuwa akiniambia tangu nikiwa mdogo: wewe mkono wako unafika kabla ya akili. Kwa sababu yake Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni kwetu, na mpaka leo nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili.

Nilipoacha kufundisha shuleni nilipata kazi ya kufundisha kompyuta kwa wasichana waliomaliza sekondari. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la jumla la tambi na sukari. Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili, wasichana kumi na wawili, na feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikitazama tu. Watu fulani wa mbali walikuwa wametoa kompyuta na masomo, na wao ndio waliokuwa wakitoa vyeti. Kazi yangu ilikuwa kufanya masomo hayo yaeleweke Garissa.

Mmoja wa wale wasichana alitoka kambi ya wakimbizi, Hagadera. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mpole wa sauti, na alikuwa akiandika kila kitu kwanza kwa penseli kwenye daftari kabla ya kugusa kompyuta. Mtu wa kambini hatoki vivi hivi. Anapewa kibali, na kibali kina tarehe. Chake kilikuwa cha wiki nane, kikiisha siku ya Ijumaa, na mtihani wetu wa mwisho ulikuwa Alhamisi. Alikaa kwa habaryar wake, yaani mama yake mdogo, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Shule moja ya Hagadera ilikuwa imepata kompyuta kibao ikawa inatafuta msaidizi wa kuzifundishia, na kamati ya shule ilimwahidi nafasi hiyo kama angerudi na cheti kabla ya muhula kufunguliwa. Nyumba yao ilikuwa na wadogo sita na baba asiyeona vizuri. Haya hakuniambia yeye. Niliambiwa na habaryar wake siku ya kwanza, mbele yake, naye akitazama sakafu.

Somo lililowapendeza zaidi lilikuwa la kusogeza herufi. Unachukua neno, kila herufi unaisogeza hatua kadhaa mbele, a inakuwa d, b inakuwa e, na ukifika mwisho unarudi mwanzo. Asiyejua idadi ya hatua haelewi kitu. Nilinunua sahani za karatasi, zile za harusi, nikawaambia waandike herufi pembeni, sahani ndogo juu ya kubwa, katikati msumari. Ukizungusha ndogo unapata siri. Wallahi sijawahi kuona darasa likifurahi vile. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakirushiana vikaratasi mbele yangu, wakijua siwezi kusoma.

Niliweza. Niliokota kimoja sakafuni, nikakitazama kama nusu dakika, nikakisoma kwa sauti: Madam leo ana hasira kama ngamia dume. Walipiga kelele, mmoja akajificha chini ya meza. Wakauliza nimejuaje hatua ni ngapi. Nikawaambia ni rahisi, nyote mmeanza na salamu. Kila karatasi, hata ile ya kunitukana, ilianza na Assalamu alaikum. Ukiona DVVDODPX mahali pa kwanza, huna haja ya kuhangaika, unajua d ni a na kazi imekwisha. Nikawaambia mtu mwenye siri haanzi na maneno ambayo kila mtu anayajua.

Yule wa Hagadera akasema, "Lakini Madam, mtu hawezi kuanza na habari tu."

Wenzake wakakubali. Kwao, na kwetu pia, mtu akitoka Tarbaj au Elwak na habari ya msiba kifuani, ataingia, atasalimu, ataulizwa mifugo, ataulizwa mvua, atajibu kwamba yote ni amani, na ndipo atasema nani amekufa. Kumwagia mtu habari mlangoni ni ukosefu wa adabu. Na mimi mwenyewe ndiye niliyewazidishia, maana siku ya kwanza kabisa niliwafundisha kuandika programu inayosalimu, nikawaambia kwa majivuno kwamba mashine isiyosalimu ni kama mgeni asiyelelewa. Wakalishika. Kutoka siku hiyo kila programu yao ilisalimu kabla ya kujibu, iwe inajumlisha namba au inasogeza herufi.

Somo lililofuata lilikuwa gumu, na nililitolea jasho. Katika programu unaweza kukipa jina kipande cha kazi, ukakiita kila unapokihitaji. Sisi darasani tulikiita nyumba. Na mahali pa kuwekea kitu, neno au namba, tulipaita kopo, kwa sababu lina jina nje na kitu ndani. Sasa kuna kopo la ndani ya nyumba na kopo la nje uani, na yanaweza kuwa na jina moja bila kuwa kopo moja. La ndani halionekani nje. Nyumba ikimaliza kazi yake, linakwenda nayo. Na jambo ambalo huwatega wote: ukiwa ndani ya nyumba ukasema ongeza kitu kwenye kopo fulani, kompyuta inatafuta la ndani. Isipolikuta haitoki kwenda uani kukuchukulia la nje, hata jina likiwa lile lile. Inagoma. Lazima kwanza uwe umeliweka kopo hapo ndani, hata kama ni tupu. Nilirudia hili mpaka sauti ikakauka. Nilipiga meza. Nikawaambia: kopo tupu si sawa na kutokuwa na kopo!

Yule msichana aliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Mtihani ulikuwa swali moja: tengeneza nyumba inayosogeza herufi. Msahihishaji hakuwa mtu, ilikuwa mashine huko ng'ambo. Unatuma kazi yako, inaipa neno, inatazama kinachotoka, inasema umepita au hukupita. Ilitoa nafasi tatu, basi. Ukimaliza tatu unafungiwa mpaka mtihani wa kundi linalofuata, na hiyo ni miezi minne.

Alhamisi ile joto lilikuwa la kukaanga yai. Wenzake wengi walipita mapema. Nafasi ya kwanza tisa kati yao waliangushwa na salamu, kwa sababu mashine ilitarajia def ikapata Assalamu alaikum def, wakaguna, wakairekebisha, wakapita. Yeye nafasi ya kwanza aliangushwa na kitu kingine. Nyumba yake ilikuwa ikilionyesha jibu kwenye skrini bila kulitoa nje, kama mtu anayekuonyesha maziwa dirishani na mlango hafungui. Akaliona mwenyewe, akarekebisha, akatuma. Nafasi ya pili ikaanguka kwa salamu, kama wenzake.

Ikabaki moja. Wengine walikuwa wameteremka kuswali adhuhuri na kula. Tulibaki wawili. Mtandao ulikuwa ukija na kuondoka, na kila ukiondoka mimi nilikuwa nikisimama, nikikaa, nikisimama. Kwa nini nilikuwa na haraka kuliko yeye, sijui. Tulikuwa na muda mpaka saa kumi na moja. Yeye alikuwa ametulia, ameinamia daftari na penseli yake, akiandika.

Mtandao ukarudi. Nikamwambia, haya, tuma. Akasema, "Madam, subiri kidogo."

Nikasema, "Nisubiri nini? Ni salamu tu! Toa hizo salamu!"

Nikanyoosha mkono juu ya bega lake. Mstari wa kwanza ndani ya nyumba yake ulisema kopo liitwalo jibu liwe na Assalamu alaikum. Nikaufuta mstari wote. Niliona juu ya ukurasa, nje ya nyumba, kuna kopo lingine liitwalo jibu, tupu, nikajiambia litatosha. Mimi! Mimi niliyepiga meza wiki nzima. Nikabonyeza kutuma.

Alisema "Madam" mara ya pili, lakini kidole kilikuwa kimeshatangulia.

Mashine haikuchukua hata dakika. Ilisema jibu limetajwa kabla ya kupewa kitu. Salamu ile ndiyo iliyokuwa imeliweka kopo ndani ya nyumba. Kila herufi iliyosogezwa ilikuwa ikiongezwa juu ya salamu, na nilipoiondoa hapakuwa na mahali pa kuongeza chochote. Chini ya hapo kukatokea maandishi mekundu kwamba nafasi tatu zimekwisha.

"Kopo la ndani halipo," alisema. Aliisema polepole, kama mtu anayesoma bango la barabarani.

Nikatazama daftari lake. Alikuwa ameuandika mstari wote upya kwa penseli: jibu, halafu alama ya sawasawa, halafu alama mbili za mtajo bila kitu katikati. Kopo tupu. Alikuwa amemaliza kuuandika wakati nilipokuwa nikinyoosha mkono.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hilo nalisema wazi. Lakini aibu si kitendo, na kitendo nilichofanya ni hiki. Wenzake waliporudi wakipanda ngazi wakicheka, wakamwona amekaa mbele ya maandishi mekundu, mmoja akauliza imekuwaje. Nikajibu mimi kabla yake.

"Mtandao," nikasema. "Umekatika katikati, mashine imehesabu ni kosa."

Waliusonya mtandao. Kila mtu Garissa yuko tayari kuusonya mtandao. Yeye alinitazama mara moja, kisha akafunga daftari lake na kuanza kutafuta viatu.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi sikuchutama. Nilitafuta nguo ya mwingine nikavaa.

Sitaki kusema sikujaribu. Jioni hiyo hiyo niliandika kwa wenye masomo nikiomba afunguliwe nafasi moja, nikaeleza kuhusu mtandao, maana nilikuwa nimeshaanza na mtandao. Wakajibu kwa barua inayojibu yenyewe kwamba kanuni ni kanuni. Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisi ya vibali kuuliza kama kibali kinaweza kuongezwa, nikaambiwa maombi hufanywa kambini, si hapa. Nikatoka hapo nikaenda stendi ya magari ya Dadaab, yale yaendayo kambini, nikawakuta, yeye na begi lake na habaryar wake.

Habaryar alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tukasalimiana kwa kirefu. Akauliza mama yangu hajambo, goti langu linaendeleaje, joto la ghorofani. Ndipo akauliza, akiwa amenikazia macho, "Abayo, dada yangu, hii mtoto imefeli kwa nini?"

Nikasema, "Mtandao, abayo. Ni mtandao tu."

"Haya," akasema. "Bole," akimaanisha pole, maana p ya Kiswahili kwake ni b.

Gari liliondoka. Nafasi ya Hagadera ilipewa kijana mwingine mwenye cheti, nilisikia baada ya wiki mbili. Mimi niliendelea na kazi. Kundi jipya likaja, sahani mpya za karatasi, misumari mipya. Nilinunua maziwa kwa habaryar kila Jumatatu kama kawaida, naye alikuwa akinijazia chupa mpaka shingoni, zaidi ya kipimo, kama alivyokuwa akifanya tangu mpwa wake alipokuwa darasani kwangu. Nilijiambia amesahau. Nilijiambia mengi kipindi kile.

Kabla ya miezi minne kutimia kwenye simu yangu ukaingia ujumbe mrefu wa herufi zisizosomeka. Ulianza DVVDODPX DODLNXP. Nilicheka peke yangu, kisha nikachukua sahani.

Ulitoka kwa yule msichana wa Hagadera, na salamu peke yake zilikula nusu ya ukurasa. Aliuliza mama yangu, goti langu, ile feni iliyokufa, mvua. Kisha akasema anafundisha wasichana tisa kila siku baada ya alasiri, nyuma ya nyumba yao, kwa chaki na sahani mbili. Kompyuta hana. Wanasogeza herufi kwa mkono, na ya makopo anawaonyesha kwa makopo yenyewe, ya maziwa ya unga, moja ndani ya nyumba na moja nje. Alisema mmoja wao ni mwepesi sana na atanipita mimi. Na mwishoni: "Mtu akikosea nanyamaza mpaka aone mwenyewe. Mikono naiweka nyuma."

Hakukuwa na lawama yoyote hapo. Nilisoma mara tatu nikiitafuta.

Jumatatu ile sikwenda sokoni na chupa. Nilikwenda mikono mitupu, asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, nikakaa kwenye dumu lililopinduliwa kando ya habaryar. Nilisalimu yote, sikuacha hata moja. Kisha nikamwambia, abayo, haukuwa mtandao. Ni mkono wangu. Yeye alikuwa amepata jibu, mimi nikalifuta.

Aliendelea kumimina maziwa kwenye chupa ya mtu mpaka ikajaa, akaifunga, akampa mwenyewe.

"Najua," akasema. "Ile siku najua. Alikuja nyumbani akaniambia, habaryar, Madam amekosea, lakini usiseme mahali. Amenifundisha. Tumsitiri."

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini aliniuliza pale stendi.

"Nilikuuliza upate kusema," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa akifuta kipimo chake kwa kitambaa. "Mtoto amefunga mdomo wake kukusitiri. Mimi nikakufungulia mlango. Hukutoka."

Nilikaa pale kwenye dumu mpaka jua likanifikia miguuni. Nilipoinuka alinijazia maziwa kwenye chupa yake mwenyewe, akakataa kulipwa.

Niliporudi nikamwandikia mwalimu mkuu wa ile shule ya Hagadera. Sikujitetea. Nilisema msichana huyu alijua jibu, alikuwa ameliandika kwa mkono wake kwenye daftari, na mimi mwalimu wake ndiye niliyemwangusha, kisha nikadanganya sababu. Nilisema kama nafasi itapatikana tena nitakuja mwenyewe kushuhudia mbele ya kamati.

Alijibu baada ya siku nne. Alinisalimu, akaniulizia afya na familia. Alinishukuru kwa ukweli wangu. Akasema msaidizi waliyempata ni kijana mzuri na hawana sababu ya kumwondoa, na nafasi nyingine hawaitarajii mwaka huu. Kisha akaandika kwamba kamati ilikuwa imemngojea yule msichana siku kumi zaidi ya muda waliojiwekea, kwa sababu walimpenda. Walimuuliza nini kilitokea naye alisema tu, ni mtandao. Kama ningeandika barua hii katika zile siku kumi, wangemchukua bila cheti. Neno la mwalimu wake lingewatosha.

Niliisoma nimesimama, karibu na ile feni isiyofanya kazi. Nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba kosa langu lilikuwa kidole, na kidole kinasameheka, kila mtu ana kidole. Kumbe kidole kilimpotezea cheti tu. Kazi ilipotezwa na lile neno moja, na yeye alilibeba mpaka mbele ya kamati, akalirudia kama nilivyolisema mimi, ili nisiaibike.

Siku iliyofuata kundi jipya lilikuwa na mtihani wiki moja mbele yao. Niliwasalimu. Nikawaambia wafunge kompyuta. Nikaandika ubaoni ile nyumba ya msichana wa Hagadera, mstari kwa mstari, na salamu yake kwenye mstari wa kwanza, kisha nikaifuta kwa kiganja kama nilivyofanya siku ile, nikawauliza kitatokea nini. Walijua. Mmoja aliyewahi kusoma na kundi la kwanza, aliyekuwa amerudi kunisaidia, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hivyo Madam," akasema, "siku ile haikuwa mtandao?"

Mikono yangu ilikuwa nyuma, chaki imenivunjikia kiganjani.

"Haikuwa mtandao," nikasema. "Ilikuwa mimi."